Niliuliza Sukari

Sikujitolea. Nasema ukweli wangu.
Ilikuwa mapumziko ya chai, mkutano wa mwaka, Saskatoon,
nikainua mkono kuuliza sukari iko wapi,
na Oryssia Hnatiuk, katibu wa chama,
ambaye macho yake hayapotezi mkono uliosimama,
akaandika jina langu.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili,
ya tatu ndipo jembe.
Mimi jembe nilikabidhiwa kabla chai haijapoa:
ufunguo wa kabati, faili tatu za kijani,
na cheo kirefu kuliko mshahara wake,
maana mshahara haupo.

Kamati Ndogo ya Mwongozo wa Wanafunzi Wageni.
Tulikuwa watano. Mchana kila mtu na ofisi yake:
viza zilizokwama, karo zilizopotelea benki,
mama anayepiga simu kutoka Asunción saa nane usiku
kuuliza kama mwanawe anakula.
Jioni tunakutana chumba namba 214,
chini ya taa inayolia kama nzi ndani ya chupa,
kubishana.

Mume wangu aliniuliza: mnabishania nini?
Nikamwambia: sentensi.
Akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

Lakini ngoja.
Sentensi yenyewe ilikuwa ukurasa wa tisa, mstari wa nne:
"Wakati wa baridi, vaa nguo za joto."
Ilikuwa imekaa pale miaka kumi na mmoja, haina kosa la herufi,
na Tharushi aliisoma.
Alitoka Galle, Sri Lanka, na sweta mbili za shangazi yake,
nguo za joto, kama alivyoagizwa,
na raba za kitambaa.
Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
basi likachelewa dakika arobaini.
Vidole viwili vya mguu wa kushoto
havikurudi naye kutoka hospitali.

Hakutulaumu. Hilo ndilo lililotukosesha usingizi.

Basi tukaifumua ile sentensi.
Prabhleen alitaka vipimo: soli unene gani, soksi ngapi.
Marcel akasema ukimtisha mtu kabla hajafika, hafiki.
Oryssia akavua kiatu chake, akakiweka juu ya meza
katikati ya biskuti,
akasema, andikeni hiki.
Tukakipima kwa rula.
Saa tatu usiku mlinzi akaja kuzima taa,
akatukuta tumeinamia kiatu kama madaktari,
akarudisha mlango polepole.

Mistari sita. Miezi minne.
Kura tatu kwa mbili, nami nikashindwa kuhusu neno "lazima";
bado naamini lilistahili kubaki.

Shukrani zilifika Juni, ndani ya bahasha:
cheti chenye muhuri wa dhahabu,
"kwa utumishi uliotukuka",
jina langu, Ghislaine, limepungua herufi mbili.
Nimekitundika jikoni, juu ya kopo la chumvi.

Septemba, uwanja wa ndege,
sikuwa kazini; nilikwenda kumpokea dada yangu.
Kijana akapita na sanduku lililofungwa kamba.
Jua bado kali, watu wamevaa kaptula,
naye anatokwa jasho ndani ya mabuti mazito
marefu hadi chini ya goti.
Nilitaka kumwambia: bado, mwanangu, bado miezi miwili.
Nilitaka kuyabusu yale mabuti.
Nikamwonyesha tu foleni ya teksi.

Jana tena, mkutano wa mwaka. Oryssia amestaafu,
kalamu ameniachia mimi.
Nikatangaza nafasi moja, Kamati Ndogo ya Mwongozo.
Ukumbi ukawa kimya, kila mtu akikagua viatu vyake.
Kisha nyuma kabisa, karibu na birika, mkono mmoja.
Alikuwa anatafuta sukari, najua. Nilimwona na kikombe.

Nikampelekea sukari.
Kisha nikamwuliza jina lake linaandikwaje.